Pepys alisoma saa ngapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Nimekuwa nikifuatilia habari za Samuel Pepys, yule Mwingereza aliyeandika shajara miaka ya 1660. Kila mahali nakuta anasifiwa kuwa msomaji mkubwa aliyeacha maktaba ya vitabu 3,000. Lakini shajara yenyewe imejaa ofisi, mvinyo, michezo ya kuigiza na wanawake. Huyu mtu alikuwa anasoma saa ngapi? Au vitabu vilikuwa pambo tu? Na mimi ninayetaka kumsoma nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, yote mawili ni kweli. Alisoma sana, na vitabu vilikuwa pambo, tena pambo alilolitolea pesa nyingi. Nadhani kinachokuchanganya ni kwamba unamtafuta ameketi mezani peke yake, kimya, saa mbili mfululizo. Kwa namna hiyo utampata mara chache. Mtafute njiani akitembea, ndani ya mashua, nyumbani akisomewa na mtu mwingine, au dukani kwa muuza vitabu akifunua hiki na kukirudisha kile.

Hiyo 3,000 tuiweke kando kwanza. Ni hesabu ya maktaba aliyoiacha alipofariki mwaka 1703, akiwa na miaka 70. Shajara aliianza tarehe 1 Januari 1660 akiwa na miaka 26, akaifunga tarehe 31 Mei 1669. Wakati huo alikuwa mtoto wa fundi cherehani anayepanda ngazi. Alikuwa amesoma Cambridge, akashikwa mkono na jamaa yake mkubwa Edward Montagu, na kwa mkono huo akapata ukatibu katika bodi iliyosimamia jeshi la majini la Mfalme Charles II. Mshahara pauni 350 kwa mwaka, na vya pembeni juu yake. Vitabu alikuwa navyo vya kumsumbua, lakini si vya kujaza jumba. Julai 1666 analalamika kwamba vimerundikana juu ya viti, hata vingine ameacha kuvifungua kwa kuchoka kuvipangua. Ndipo akamwita seremala, bwana Sympson, wakakaa pamoja kubuni makabati.

Sasa twende kwenye saa. Nyumba na ofisi yake vilikuwa kwenye uwanja mmoja, mtaa wa Seething Lane, kwa hiyo kwenda kazini ilikuwa ni kuvuka uwanja. Safari zilianza pale alipotakiwa kukagua meli na maghala, maana karakana za jeshi zilikuwa Deptford na Woolwich, chini ya mto. Huko alikwenda kwa mashua, au alivuka mto na kutembea mashambani, kitabu mkononi. Ukiifuatilia shajara utamkuta mara kwa mara akiandika kwamba alisoma njia nzima. Kwa matembezi hayo alipenda kitabu kidogo cha Kilatini cha mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, Faber Fortunae, yaani mtu anavyojijengea bahati yake mwenyewe. Alikirudia tena na tena, na anasema hawezi kukisoma akakinai. Unaelewa kwa nini. Kijana wa fundi cherehani anakwenda kuwakagua watu waliozaliwa juu yake, na njiani anasoma namna ya kupanda.

Mto Thames nao ulikuwa barabara kuu ya jiji. Daraja lilikuwa moja tu, na wapiga makasia walikuwa kama teksi zetu. Abiria hana la kufanya ila kutazama maji, kwa hiyo Pepys alisoma. Tarehe 20 Agosti 1666 anakwenda Deptford akiwa na Othello ya Shakespeare. Anasema zamani aliuona mchezo mzuri sana, ila kwa kuwa ametoka juzijuzi kusoma mwingine uitwao The Adventures of Five Hours, Othello sasa anauona kitu duni. Usicheke haraka. Hakuwa anatoa mtihani wa fasihi. Alikuwa mtu ndani ya mashua anayesema kinachomfurahisha wiki hiyo, na huo mwingine ndio uliokuwa ukipendwa mjini.

Jumapili ya tarehe 26 Mei 1667 ndiyo ninayopenda kuwaonyesha wanafunzi wangu. Mchana aliingia kanisani Westminster akiwa na darubini ndogo mfukoni, akawatazama wanawake wazuri humo ndani, akasinzia, mahubiri yakaisha. Kisha akapanda mashua peke yake hadi Barn Elms, akisoma kitabu kipya cha rafiki yake John Evelyn cha kupinga maisha ya upweke. Hukumu yake ni kwamba hakina mengi ya maana, ingawa kwa mazungumzo ya kupitisha wakati kinafaa. Wiki moja baadaye anasoma kitabu cha mwanasayansi Robert Boyle kuhusu rangi. Anakiri kimejaa kemia kiasi kwamba anaambulia kidogo, ila kinachotosha kumwonyesha kwamba mwandishi ni mtu bora sana. Hii ni tabia yake ya kudumu. Kutoelewa hakumzuii kuendelea, wala hakuoni ni aibu ya kuficha ndani ya shajara iliyoandikwa kwa hati mkato ambayo wachache wangeweza kuisoma.

Kusoma kwa ajili ya kazi kulikuwa na saa zake, na hizo ni za alfajiri. Julai 1662 anaamka saa kumi au saa kumi na moja kujifunza jedwali la kuzidisha. Ndiyo, mbili mara mbili. Mhitimu wa Cambridge mwenye miaka 29 hakulijua, kwa sababu shule za mabwana zilifundisha Kilatini na Kigiriki, hesabu wakaachiwa wafanyabiashara na mabaharia. Mwalimu wake alikuwa baharia, bwana Cooper. Pepys alitaka kujua kupima magogo ya mbao ili wauzaji wasimpunje mfalme, na katika kazi zake zote za kusoma sijui kama kuna iliyomlipa zaidi ya hiyo.

Jioni ni habari nyingine, maana jioni kusoma ni sauti. Elizabeth, mkewe, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa, alimsomea. Yeye alimsomea Elizabeth. Kijana wa kazi, Tom Edwards, aliwasomea wote. Krismasi ya mwaka 1668 inaonyesha picha kamili. Elizabeth amekaa nyumbani kutwa bila kuvaa nguo za kutokea, hadi saa nne usiku, akirekebisha sketi ya ndani na kuitia lesi. Pepys yupo pembeni yake. Kijana anasoma kwa sauti maisha ya Julius Caesar, kisha kitabu cha mwanafalsafa Mfaransa Descartes kuhusu muziki. Hicho cha pili Pepys anasema hakielewi, na hadhani aliyekiandika alifanya vizuri, ingawa alikuwa msomi mkubwa. Baada ya chakula kijana anapiga kinanda cha nyuzi. Utulivu huo una sababu yake: miezi miwili nyuma mkewe alikuwa amemfumania Pepys akiwa na Deb Willet, msichana aliyekaa naye, na tangu hapo Elizabeth hakumwacha mbali na macho yake.

Elizabeth mwenyewe alikuwa msomaji, na hili huwa linasahauliwa. Alipenda hadithi ndefu za kimapenzi za Kifaransa, hasa Grand Cyrus, yenye majuzuu mengi kuliko subira ya mumewe. Mei 1666, ndani ya gari la farasi, alikuwa akimsimulia visa vyake, na Pepys akamkatiza kwa kuwa havikuhusiana na lolote na havikusimuliwa vizuri. Kesho yake akakuta mke amenuna. Anaandika kwamba kweli kosa ni lake, na kwamba mkewe ana haki kulalamika kuwa Pepys akiwa mbele ya wanawake wengine anaowapenda, yeye mkewe hajaliwi. Mimi hapo namsoma Elizabeth zaidi ya Pepys. Kitabu kilikuwa njia yake ya kuingia kwenye mazungumzo, na mlango ukafungwa.

Duka la vitabu lilikuwa chumba chake cha pili cha kusomea. Wauza vitabu wengi walikuwa wamezunguka kanisa kuu la St Paul's, na mmoja wao, Joshua Kirton, ndiye aliyekuwa wake. Tarehe 10 Desemba 1663 Pepys alikuwa na pauni mbili tatu alizopata siku hiyo ofisini kupitia bili ya karatasi na wino aliyomwandikia mfalme. Ndiyo, ni kile unachokifikiria, na analiandika bila kuona haya. Akakaa dukani saa mbili au tatu, akiagiza aletewe vitabu kama ishirini, akifunua na kusita. Historia ya kanisa la St Paul's? Historia ya London? Michezo ya Shakespeare, ya Jonson? Shakespeare akaachwa pale pale. Alichukua kitabu cha Thomas Fuller kuhusu watu mashuhuri wa Uingereza, mkusanyo wa barua za serikali, kijitabu cha kupendeza kuhusu Uholanzi, kimoja au viwili vidogo, na Hudibras.

Hapo pa Hudibras panahitaji maelezo, kwa sababu ndipo utaona kwamba mtu wa mwaka 1663 hana tofauti na sisi tunaokaa kutazama tamthilia isiyotufurahisha kwa kuwa ofisi nzima inaizungumzia. Hudibras ni shairi refu la kejeli la Samuel Butler. Siku moja baada ya Krismasi ya 1662 Pepys akasikia linavyosifiwa, akaenda kulinunua kwa shilingi mbili na peni sita. Akafungua, akaona ni upuuzi kiasi cha kuona haya kuwa nalo. Siku hiyo hiyo, kwenye chakula cha mchana, akamuuzia mtu kwa peni 18, hasara ya shilingi nzima, maana shilingi moja ilikuwa peni 12. Februari akalinunua tena. Akajiambia lazima yeye ndiye mwenye kasoro ikiwa anachukia kitu ambacho dunia nzima inakiita kilele cha uchekeshaji. Novemba sehemu ya pili ilipotoka akawa mwerevu kidogo, akaazima badala ya kununua. Na Desemba, siku hiyo ya pesa za bili, akazinunua sehemu zote mbili, huku akiandika kwamba bado haoni uchekeshaji uko wapi. Kwa mwaka mmoja kitabu kimoja kilimpita mkononi mara nne na hakikumchekesha hata mara moja.

Kilichomshika kweli kilikuja Januari 1665. Robert Hooke alikuwa ametoa Micrographia, kitabu kikubwa cha vitu vilivyotazamwa kwa hadubini, chenye mchoro wa kiroboto wa kukunjua, mkubwa kuliko kitabu chenyewe, kila unywele wa mguu umechorwa. Pepys alikiona dukani mwanzoni mwa mwezi, akakiagiza, tarehe 20 akakipeleka nyumbani. Usiku wa tarehe 21 alikaa chumbani hadi saa nane akikisoma, akaandika kwamba ni kitabu cha werevu kuliko vyote alivyowahi kusoma maishani. Hadubini alikuwa ameshanunua mwaka uliotangulia. Mwezi uliofuata akaingia Royal Society, chama cha wanasayansi, na miaka ishirini baadaye jina lake kama rais wa chama likachapwa kwenye ukurasa wa mbele wa Principia, kitabu kikuu cha fizikia cha Isaac Newton. Kama una mwanafunzi anayedhani kusoma usiku hakumpeleki mtu popote, mpe hiki kisa.

Kuna na kitabu ambacho hakutaka kionekane kabisa. Januari 1668 alikuta dukani L'Escole des filles, cha Kifaransa, akadhani kinafaa mkewe akitafsiri. Akafungua kurasa chache, akakuta ni uchafu mtupu, akaona haya. Karibu wiki nne zikapita. Tarehe 8 Februari akakirudia na kukinunua kwa makusudi kikiwa na jalada la kawaida lisilopambwa, kwa sababu alikwisha azimia kukichoma akimaliza, kisije kikaingia kwenye orodha ya vitabu vyake na kumwaibisha. Kesho yake, Jumapili, akakisoma asubuhi kidogo na usiku akakimaliza, akijitetea kwamba si vibaya mtu mwenye akili timamu kukipitia mara moja ili aujue uovu wa dunia. Kisha akakitia motoni. Alichokificha kwenye orodha ya vitabu akakiandika kwenye shajara, na hiyo shajara akaihifadhi katika maktaba ile ile.

Hicho kisa ndicho jibu la swali lako la pambo. Orodha ilikuwa na wasomaji wake. Vitabu vya wakati huo mara nyingi viliuzwa bila jalada la maana na mnunuzi akavijalidi atakavyo, na Januari 1665 Pepys aliagiza vingi vya zamani vijalidiwe upya ili chumba kizima kifanane. Akavipa namba, akaandika orodha kwa msaada wa watu wa nyumbani, akavipanga kwa kimo. Mwanzoni mwa Februari 1668 aliamua hatakuwa na vitabu zaidi ya vile makabati yanavyoweza kubeba, hivyo kikiingia kizuri, dhaifu kinatoka. Mtu anayepanga vitabu kwa urefu wa mgongo anafikiria macho ya mgeni, hilo halina ubishi.

Moto Mkuu wa London ulipoanza tarehe 2 Septemba 1666, makabati ya Sympson yalikuwa hayajamaliza hata wiki mbili ukutani. Nyumba ya Pepys ilinusurika. Wauza vitabu wa St Paul's hawakunusurika: mali waliyoificha chini ya kanisa ikaungua yote, na hasara ya vitabu ikakadiriwa kuwa kama pauni 150,000. Kirton, aliyekuwa na mali ya maelfu, akabaki na madeni, akafa mwaka uliofuata. Bei zikapaa. Kitabu cha Paul Rycaut kuhusu dola ya Waturuki kiliuzwa shilingi 8 kabla ya moto. Aprili 1667 Pepys alikitolea shilingi 55, kimejalidiwa vizuri na picha zake zimetiwa rangi. Nakala za namna hiyo zilitengenezwa sita tu, anaandika, na nne zilikwenda kwa mfalme, ndugu yake mfalme, na wakubwa wawili wa ikulu, Duke wa Monmouth na Lord Arlington. Ya tano iliuzwa, ya sita ni yake. Sioni aibu kusema kwamba hapo alikuwa ananunua ujirani na hao wakubwa wenye nakala kama yake.

Usisahau pia vipande vya karatasi, maana navyo ni kusoma. Wakati wa tauni ya 1665 alifuatilia orodha za vifo zilizotolewa kila wiki: tarehe 31 Agosti aliandika 7,496 katika jiji, 6,102 kati yao wa tauni. Novemba mwaka huo gazeti rasmi la serikali lilianza kutoka, akalisifu kuwa lina habari tupu bila upuuzi. Na mashairi ya mtaani yaliyochapwa kwenye karatasi moja moja, yale ya kuuzwa sokoni na kutupwa, aliyakusanya hadi yakafika zaidi ya 1,800. Watafiti wa leo wa nyimbo za wananchi wa Uingereza wanamshukuru kwa hayo kuliko kwa Rycaut wake wa shilingi 55.

Macho ndiyo yaliyomshinda. Kufikia 1668 mshumaa ulikuwa unamuumiza, akajaribu kusoma kupitia mirija ya karatasi ili apunguze mwanga, na kusomewa kukageuka kutoka starehe kuwa lazima. Tarehe 31 Mei 1669 aliacha shajara akiamini anakwenda kuwa kipofu. Hakuwa. Alisoma na kununua vitabu miaka 34 zaidi, makabati yakafika 12, na kwa wosia wake yote yakaenda chuo chake cha zamani, Magdalene, Cambridge, kwa sharti kwamba kisiongezwe wala kisipunguzwe kitabu hata kimoja. Yako huko hadi leo, na vitabu vifupi vimewekewa vigogo vya mbao chini ili vichwa vyote vilingane.

Kuhusu pa kuanzia: usianze tarehe 1 Januari 1660, utakutana na siasa za majenerali na majina usiyoyajua, utachoka. Anza Januari 1665 na Hooke, uende moja kwa moja hadi mwisho wa 1666, upate tauni na moto, kisha rudi nyuma. Toleo utakalolipata bure mtandaoni ni la Henry Wheatley la miaka ya 1890. Linatosha kwa kazi nyingi za darasani, ila aliondoa sehemu alizoona hazichapiki, zikiwamo za Jumapili ile ya Februari 1668. Ukitaka yote, tafuta la Robert Latham na William Matthews, majuzuu 11 yaliyotoka kati ya 1970 na 1983. La kumi ni la maelezo ya watu na mambo, na kwa mwalimu hilo peke yake lina faida kuliko mengine mengi.